Michango ya harusi tunaiweza, sasa tuweke mfuko wa wanafunzi: mwongozo kwa waliosoma Mlimani na vyuo vingine vya umma

Wiki ya usajili pale Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, miaka kadhaa imepita, nilikuwa nimemsindikiza mdogo wangu anaanza mwaka wa kwanza. Kwenye ngazi pembeni yetu alikaa binti ana faili la plastiki, ndani cheti cha kuzaliwa, matokeo ya fomu siksi na karatasi yenye kontrol namba. Mkopo wa Bodi ya Mikopo alipata ila sio asilimia mia, nyumbani wakajipiga wakauza mbuzi, bado ikapelea laki mbili na elfu kumi na tano. Anampigia mjomba, mjomba anamwambia subiri mwisho wa mwezi, na usajili unafungwa Ijumaa. Kila akikata simu anaitoa ile karatasi anaisoma tena alafu anaikunja kwa mikunjo ileile, mpaka katikati ilikuwa imeanza kuchanika. Mi na jamaa yangu tukachanga tukalipa palepale kwa simu, meseji ya kuthibitisha ikaingia, akasajiliwa. Sahivi ni mwalimu wa fizikia.

Kilichonikaa kichwani ni kwamba tulikuwepo pale kwa bahati tu. Mwaka uliofuata hatukupita, na wa aina yake walikuwepo. Ndo tukaanza mazungumzo kwenye grupu letu la tuliomaliza pamoja, tukakosea mengi, tukajifunza, na haya hapa ndo naona mtu anayetaka kuanza ayajue mapema kabla hajaombwa hela na hajaomba hela ya mtu.

Tofauti ya kuchanga na kuweka

Sisi kuchanga tunajua jamani. Kamati ya harusi ina mwenyekiti, mweka hazina, vikao vya kila Jumapili, karatasi ya ahadi, na yule dada mmoja asiyeogopa kumpigia mtu simu akamwambia "shemeji bado hujamalizia". Milioni ishirini inapatikana miezi mitatu na usiku mmoja imeisha, na ni sawa, harusi ni ya siku moja. Tatizo ni pale tunapochangia elimu kwa staili ileile, tunakusanya, tunatoa yote, mwakani tunaanza sifuri, na watu wanachoka.

Mfuko wa kudumu mtaji wake hauliwi, yanaliwa matunda. Watu wa pwani neno lake wanalo toka enzi, wakfu. Mtu anaweka shamba la minazi au nyumba ya mjini, haliuzwi tena wala halirithiwi, nazi au kodi yake inaendesha msikiti, kisima, madrasa, mpaka wajukuu wa wajukuu wanakuta bado inafanya kazi. Ukishaelewa wakfu umeshaelewa kinachobeba vyuo vikubwa duniani, vya umma vikiwemo. Kule Texas katiba yao ya 1876 ilikitengea chuo kikuu cha serikali ardhi, na nyingi iliishia kuwa ile ya magharibi, kavu, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa inaleta kodi ya malisho ya mifugo tu. Tarehe 28 Mei 1923 kisima kinaitwa Santa Rita kikatoa mafuta. Sasa hapo ndo pa kujifunza: hela ya mafuta iliingizwa kwenye mfuko, mtaji ukafungwa, kinachotumika ni mapato yake. Leo una mabilioni mengi ya dola. Wangeila yote miaka ileile wangepata majengo kadhaa na hadithi ingeishia hapo.

Na usiseme hayo ni ya Wamarekani. Nenda Mombasa, kile chuo kikuu cha umma cha ufundi, TUM, kilipata hadhi ya chuo kikuu 2013 lakini mzizi wake ni taasisi ya elimu ya Waislamu iliyoanza kupokea wanafunzi 1951 kwa michango ya Sultani wa Zanzibar, Aga Khan na wengine. Hata Mlimani yenyewe, tarehe 25 Oktoba 1961 chuo kilifunguliwa ndani ya jengo la TANU Mtaa wa Lumumba, kilimani kikahamia 1964. Kwahiyo kilianzia kwenye nyumba ya kupewa.

Hatua ya 1: Tafuta pengo kabla ya kutafuta hela

Hapa ndo wengi wanaruka. Sisi mwanzoni tulinunua kompyuta kumi tukazipeleka idara moja ya chuo kimoja cha umma, tukapiga picha, tukaondoka tumefurahi. Mwaka na nusu baadae nimepita, nne zimekaa kwenye boksi lake hazijawahi kufunguliwa kwasababu chumba hakina umeme wa kutosha. Hatukuuliza, na hilo kosa ni letu.

Kwahiyo uliza. Nenda ofisi ya mlezi wa wanafunzi, nenda kwa wahasibu wanaoshughulika na ada, alafu ongea na viongozi wa wanafunzi wenyewe, pale Mlimani ni DARUSO. Swali ni moja: mwanafunzi anakwama wapi na kwa shilingi ngapi? Serikali inabeba sehemu kubwa, Bodi ya Mikopo ipo kazini toka 2005, bumu la chakula na malazi lilipandishwa 2022 kutoka 8,500 kwenda 10,000 kwa siku, na wanaofanya vizuri sana masomo ya sayansi fomu siksi kuna ufadhili wa Samia. Mfuko wenu mdogo usijaribu kufanya kazi ya Bodi, hautaiweza. Uzibe pale ambapo Bodi inaishia. Mara nyingi utakuta ni hivi: ada iliyopelea wiki ya usajili, nauli na chumba wakati wa field (mafunzo kwa vitendo) mikoani, mashine ya kusoma kwa mwanafunzi asiyeona, gharama za kukusanya data za mwaka wa mwisho, na yule ambaye mzazi kafariki katikati ya semista anataka kuahirisha mwaka. Pia wapo wanaobebana hosteli, wawili kitanda kimoja, ila hilo ni la majengo, mfuko wa watu sitini hauligusi.

Chagua pengo moja. Moja tu kwa miaka mitatu ya kwanza, nakusihi.

Hatua ya 2: Piga hesabu kwenye karatasi

Tuseme grupu lina watu 140. Usipige hesabu ya 140, piga ya 60, maana hao ndo watalipa kweli. Sitini kila mmoja elfu 25 kwa mwezi ni milioni 1.5, kwa mwaka milioni 18, kabla miaka mitatu haijaisha mmefika milioni 50.

Milioni 50 ikikaa mahali inapozaa asilimia 12 inaleta milioni 6 kwa mwaka. Msizile zote sita! Bei zinapanda, ada inaweza kupanda, na mtaji usipoongezwa baada ya miaka kumi milioni 50 yenu itakuwa na nguvu ndogo sana. Rudisheni milioni 2 kwenye mtaji kila mwaka, mkae na 4 ya kutumia. Hiyo inaziba pengo la laki tatu na nusu kwa wanafunzi kumi na bado laki tano inabaki ya gharama na dharura. Wanafunzi kumi kila mwaka, hata mkiwa mmezeeka.

Na msianze kugawa kabla mtaji haujafika kiwango mlichopanga. Najua inauma kumwambia mtu subiri na mwenzie anahangaika, sisi tulitatua kwa kuwa na mfuko mdogo wa pembeni wa dharura, anayetaka kutoa sadaka ya leo anaingiza huko, ya kudumu haiguswi.

Hatua ya 3: Watu watatu na statimenti

Mweka hazina asiwe mtu maarufu kwenye grupu, awe mtu mwenye kuandika. Akaunti ya benki iwe na sahihi tatu, wawili kati ya watatu ndo wanatoa hela, na hao watatu wasiwe ndugu wala wasifanye ofisi moja. Hela isipite kwenye namba ya simu ya mtu binafsi hata wiki moja, hata kama ni mtu mwaminifu kuliko wote, maana akifariki au simu ikiibiwa mnaanza kuulizana maswali mabaya. Chukueni lipa namba ya kikundi au kila mtu aweke oda ya kudumu benki, siku ya mshahara inakatwa yenyewe, hii ndo inasaidia kuliko kukumbushana kote.

Kila tarehe tano statimenti inawekwa kwenye grupu kama ilivyotoka benki, sio muhtasari wa mweka hazina. Watu walioacha kulipa wengi hawakuishiwa hela, waliacha kwasababu miezi minne walikuwa hawajaona karatasi.

Kuhusu ahadi, andikeni ahadi mahali pake na taslimu mahali pake, msizijumlishe. Tulishawahi kutangaziana tuna milioni 31 na kumbe mkononi ni 12.

Hatua ya 4: Mfuko ukae wapi kisheria

Mna njia mbili kubwa. Ya kwanza mnakabidhi mtaji kwa chuo chenyewe kwa makubaliano ya maandishi, chuo kinaufungulia hesabu yake. Uzuri wake ni kwamba chuo cha umma kina Baraza, kina wakaguzi wa ndani, na CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, anakagua, na nyie hamhangaiki na usajili. Ubaya ni kwamba hela ikishaingia inafuata taratibu za serikali, uamuzi unaweza kuchukua muda, na viongozi mlioongea nao wanabadilika. Mkuu wa idara aliyewapokea kwa chai leo, miaka mitatu mbele ni mwingine ambaye hawajui.

Njia ya pili mnasajili bodi ya wadhamini RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, mtaji unakuwa mali ya bodi, na chuo mnasaini nacho makubaliano ya kupeleka matunda tu. Inahitaji katiba, muhtasari wa kikao kilichowachagua wadhamini, taarifa zao na uvumilivu wa kufuatilia, na baada ya hapo kila mwaka mna wajibu wa kupeleka taarifa. Mi binafsi naona hii ya pili ni bora kwa grupu lenye watu kumi wa kujituma kweli. Kama hamna watu kumi, msijidanganye, chukueni ya kwanza, mfuko uliosajiliwa alafu ukakosa wa kuhudhuria vikao unakufa vibaya kuliko usiosajiliwa. Ongeeni pia na jumuiya ya wahitimu ya chuo, konvokesheni, pengine kuna mfuko tayari na nyie mnahitaji kuingia tu.

Mwanasheria msimkwepe. Kwenye grupu la wahitimu 140 hakosekani mmoja.

Hatua ya 5: Mkataba, hapa tulia

Hii ndo sehemu nataka uisome mara mbili kwasababu mfuko wa kudumu unaishi kuliko nyie, na siku hampo karatasi ndo itaongea.

Iandikwe wazi kwamba mtaji hautumiki, wala haukopeshwi kwa mtu yeyote, mwanachama, chuo, wala "kwa muda tu". Iandikwe asilimia gani ya mapato inarudi kwenye mtaji. Iandikwe lengo, ila usilibane mno. Kuna watu wanaandika "kwa wanafunzi wa kozi fulani watokao wilaya fulani wenye ufaulu kadhaa", miaka kumi kozi imefutwa au imebadilishwa jina na wilaya imegawanywa, hela imekaa haina wa kumpa. Andika lengo kuu alafu weka sentensi kwamba likishindikana wadhamini na chuo watalihamishia kwenye lengo linalofanana nalo zaidi. Chuo ni cha umma, kwahiyo masharti ya kabila na dini yaacheni nje kabisa.

Anayechagua wanufaika asiwe mtoaji peke yake. Nyie wekeni vigezo, chuo kilete waombaji kwa namba za usajili tu bila majina yao, kamati ndogo yenye mtu wa chuo, mtu wenu na mtu wa tatu asiyehusika iamue. Mtoto wa mwanachama akiomba, mzazi wake anatoka nje ya kikao na inaandikwa kwenye muhtasari kwamba alitoka. Mwisho wekeni tarehe ya ripoti, mfano kila tarehe 31 Machi, na nini kitatokea isipoletwa.

Hatua ya 6: Mtaji uzae wapi

Hatifungani za Serikali zinazouzwa na Benki Kuu, yaani mnaikopesha serikali kwa riba, ndo uti wa mgongo. Unaanzia milioni moja, unafungua akaunti ya CDS, ile ya kutunzia hatifungani zenu, kupitia benki au dalali, unapeleka maombi siku ya mnada, riba inaingia mara mbili kwa mwaka na haibadiliki mpaka hatifungani iive. Inaendana vizuri sana na kalenda ya chuo yenye semista mbili. Ila msipige hesabu kwa riba ya juu mliyowahi kusikia: 2021 ya miaka 25 ilitoka kwa asilimia 15.95, mwaka uliofuata zikashushwa, ya miaka 25 ikawa 12.56. Aliyenunua mapema alibaki na yake, aliyechelewa akapata mpya.

Hela inayosubiri kufika kiwango, na ile ya kulipia wanafunzi mwaka huu, iweke mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya UTT AMIS, kampuni ya serikali, ule wa Ukwasi kwa mfano, unaingia na kiasi kidogo na kuitoa ni siku chache za kazi.

Vya kukataa: kiwanja, maana hakilipi ada ya mtu mwezi wa kumi na moja. Kukopeshana wanachama kwa riba, hapo mmekuwa vikoba, na vikoba ni kizuri ila ni kitu kingine. Na yule rafiki mwenye mchongo wa asilimia tano kwa mwezi, mwambieni asante.

Hatua ya 7: Siku ya kulipa

Lipa kwenye kontrol namba ya mwanafunzi moja kwa moja, risiti inabaki kwenu na kwake. Kama ni hela ya kujikimu ya field ndo inaenda kwenye akaunti yake. Na iwe kwa wakati, hii naisema kwa uchungu: laki mbili ya wiki ya usajili ina thamani kuliko laki sita ya mwezi wa pili, maana mwezi wa pili mwenzio yupo kijijini tayari. Kwahiyo maombi yafunguliwe mapema, kamati ikae kabla ya usajili, na kiasi kidogo kiachwe kwa wale wanaojitokeza siku za mwisho.

Picha ya hundi kubwa na mwanafunzi kasimama katikati, hapana. Ana wenzie darasani, ana jina lake. Akitaka kuwaandikia barua ataandika. Sisi tuna barua nne, moja imeandikwa kwenye karatasi ya daftari la mistari na mwandiko wa kubana sana kama anaogopa karatasi itaisha, anaeleza alivyofaulu sapu (mitihani ya marudio) mbili akabaki chuoni. Hiyo tunaisoma kila kikao cha mwaka.

Wenye nyumba, wenye wasia na walio nje

Kuna mzee mstaafu atakwambia sina elfu 25 kila mwezi ila nina chumba na duka pale, nataka kodi yake isomeshe. Msimpeleke haraka haraka. Akae na familia yake kwanza, waelewe, waandike, mwanasheria awepo, hati isomwe. Kwa Muislamu wasia hauvuki theluthi moja ya mali, ila wakfu akiwa hai na mzima ni suala lingine, amuulize shekhe anayeijua. Zanzibar ipo Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, mwenye mali kule anayetaka kuelekeza mapato SUZA, ambacho ni chuo cha umma, aanzie hapo.

Walio Muscat, London au Houston wanatuma vizuri, tena wengine kuliko sisi. Walio Marekani wakitaka punguzo la kodi kwa walichotoa, kwa kawaida lazima kipitie shirika la hisani lililosajiliwa kulekule, kwahiyo wakiwa wengi wajipange na shirika kama hilo badala ya kila mtu kutuma kivyake.

Ujumbe wa kuanzia

Watu wananiuliza nianzeje kwenye grupu. Sisi ulikuwa huu, badilisheni namba tu:

"Wapendwa, habari za jioni. Tunaomba watu sitini wa kuchangia 25,000 kila mwezi kwa miezi 34. Hela haitagawiwa mpaka itimie milioni 50, na ikitimia mtaji hautaguswa, riba ndo italipia ada zinazopelea wiki ya usajili. Statimenti itakuwa hapa kila tarehe 5. Mwanasheria na mhasibu wa grupu tunaomba mjitokeze inbox. Aliye tayari aandike jina lake chini, aliye bado hajawa tayari asijisikie vibaya. 1."

Namba moja iache wazi, usijiandike wewe. Subiri usiku mmoja uone nani anaijaza, huyo ndo mfanye mweka hazina.